Bibi Yetu

Kidato cha tatu tulikuwa na wazee. Sisemi wanafunzi wakubwa, nasema wazee. Asubuhi, foleni ya kwenye kioo cha bafuni ilikuwa ya kunyoa ndevu, si ya kuchana nywele. Ndivyo zilivyokuwa shule zetu za Nyanza Kusini miaka ile ya mwanzo ya uhuru: mtu alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka sauti ikawa nzito, ndipo mjomba mmoja akakumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa shule. Alipokuja mwalimu mpya wa jiografia, kijana mwembamba aliyetoka chuoni juzi tu, mmoja wetu alimpokea mzigo getini akamwambia, "Pole na safari, mtoto wangu." Alichapwa viboko vinne. Alivipokea kwa upole wa mzazi, na jioni akauliza kama mwalimu amekula.

Shule ilikuwa kilimani, kando ya barabara ya udongo itokayo Migori kwenda Homa Bay. Jina lake silitaji, na majina ya wenzangu pia siyataji, kwa sababu wengine wamekuwa watu wa kupigiwa saluti na mimi sina nguvu ya kugombana na mtu. Kwa ajili ya ndevu zile, hedimasta wetu alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: mwenye mke hana nafasi shuleni kwake. Siku ya kuingia kila mtu aliinua mkono akaapa kwamba hana. Jamaa mmoja wa pande za Karungu aliuliza kwanza, "Unataka ya kanisa peke yake, bwana, ama hata ile ya nyumbani?" Tulicheka mpaka tukaambiwa tukae chini. Yule jamaa alirudi Karungu kwa gari la mchana.

Hedimasta alikuwa mzungu, mrefu, mwenye magoti mekundu. Kiswahili alikuwa amejifunza akiwa msimamizi wa shamba huko Bonde la Ufa, kabla ya kuwa mwalimu. Kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha, hakina "tafadhali" wala ngeli, lakini alikionea fahari kama mtu aliyepewa nishani. Nje ya bwalo la chakula palikuwa na ubao wa gazeti la shule, karatasi za fulskepu zilizobandikwa kwa pini. Kurasa tatu zilikuwa za Kiingereza. Akaamua pawe na ukurasa wa Kiswahili, akauliza nani anaweza kuuandika, na darasa zima likanigeukia mimi.

Nilistahili, wacha niseme. Baba yangu alikuwa mpakia mizigo wa reli, na mimi nilikulia kwenye landi za Nakuru, nyumba za chumba kimoja ambako mlango wa kushoto ni Mkamba, wa kulia ni Mnyamwezi, na ukitaka kuomba chumvi lazima uombe kwa Kiswahili. Wenzangu waliokulia huku ziwani walikisikia Kiswahili sokoni na kwa askari tu. Walikijua cha kununua, cha kuuza na cha kukimbia. Ulimi wa Kijaluo hauna "sh" wala "z", kwa hiyo shule ilikuwa "sule" na mzee alikuwa "msee." Mimi nilisema "shule" na "mzee", na nilijiona. Nilikuwa nimewasili kutoka Nakuru nikiwa mgeni kwetu, nisiyejua kushika jembe wala kutupa nyavu, na hicho ndicho kitu pekee nilichowazidi. Nilikishika kama fimbo.

Hedimasta alipokuwa akinikabidhi ukurasa ule aliniambia, "Wewe naandika kweli tu. Kama mimi naona uongo hapa, wewe natoka gazeti, natoka shule pia." Niliitikia. Ukurasa nikauita Mjue Mwenzako, nikaanza kuwachora wenzangu mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa kiranja. Ukoo wake ulikuwa na chifu tangu enzi za mkoloni, na alitembea akijua hivyo. Alikuwa na saa ya mkononi, ya pekee darasani, na saa ile ilikuwa imekufa. Mtu akimuuliza saa, kiranja alitazama jua kwanza, kisha akatazama saa, kisha akasema wakati kwa dakika zake: saa nne na dakika kumi na saba. Tulimwamini miaka miwili. Mimi ndiye niliyeandika kwamba mishale ya saa ya kiranja imelala usingizi tangu Wakoloni waondoke, ikisubiri warudi waiamshe. Kiranja alinipa mkono mbele ya watu, akasema ni mzaha mzuri. Kesho yake nikakutwa na kosa la kola chafu, nikafyeka majani wiki nzima.

Wa pili alikuwa Msabato, mtoto wa mfanyabiashara wa Kosele. Wasabato hawali samaki asiye na magamba, na jikoni kwetu, kwa sababu ya urahisi, tulipikiwa mumi na kamongo, ambao ngozi zao ni laini kama kipara. Basi Msabato alikaa mezani akipekua mchuzi kwa ncha ya kijiko, akitafuta gamba moja tu la kumhalalishia chakula. Asipoliona alitoa kipande chake kwa yule ambaye angemwoshea sakafu siku ya Ijumaa jioni. Niliandika kwamba huyu atakwenda mbinguni kwa mgongo wa mumi, na sisi tuliomla mumi yule tutabaki chini tukipiga deki. Alinisamehe kwa aya mbili za Biblia, akazikariri zote.

Wa tatu alikuwa Mkuria, wa mpakani kabisa, ambako ng'ombe wanajua njia ya Tanganyika kuliko watu. Alikuwa mmoja tu darasani, hakujua Kijaluo, na sisi wote tulilazimika kusema naye Kiswahili. Kwao hawana "l". Kila "l" ni "r". Akisema amelala, alikuwa "amerara." Niliandika ukurasa mzima kwa sauti yake, kila "l" nikaitia "r", mpaka watu waliokuwa wakisoma walishikilia ukuta. Yeye alisimama pale na sahani yake akausoma wote. Akanijia. Nilijitayarisha kupigwa, maana mikono yake ilikuwa kama mihimili. Akasema, "Umeandika vizuri. Rakini mimi siongei hivyo."

Sasa huyo wa nne.

Alitoka Nyatike, karibu na Macalder, ambako kaka yake alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Mama yao alifariki yeye akiwa mdogo wa kubebwa, na aliyemlea ni mke wa kaka yake, msichana aliyeolewa akakuta mtoto anayelia ndani ya nyumba. Alimwogesha, akampeleka shule ya msingi akimshika mkono, na karo ya shule yetu ilitoka kwenye samaki aliowakausha kwa moshi na vumbi ambalo kaka mtu alilichekecha mtoni. Yeye mwenyewe alikuwa mkubwa wa mwili, mpole, mwepesi wa hesabu na mzito wa lugha. Mwalimu wa hesabu alimwita mbele atufundishe alipochoka yeye. Kiingereza kilimtoa jasho, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni kabisa. Alitaka kuwa mpima ardhi. Alilisema hilo kila siku, bila aibu, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu kufika kwenye mtihani.

Jumapili moja ya wageni, yule mwanamke alikuja. Alikuja na kikapu cha samaki wakavu na nyoyo, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, akatuketisha chini ya kivuli cha stoo, akatugawia sote. Mkuria alikuwepo, na kwa heshima ya Mkuria, rafiki yetu wa Nyatike alimtambulisha mgeni kwa Kiswahili. Alisimama, akapangusa mikono, akasema:

"Huyu ni bibi yetu."

Msomaji wa pwani atadhani alimaanisha nyanya. Kwetu bara bibi ni mke. Na kwa Kijaluo, mke wa ndugu yako unamwita chiwa, yaani mke wetu, kwa sababu ameolewa na mji mzima, si na mtu mmoja. Ni neno safi kama maji. Mtoto wa miaka mitano humwita hivyo mke wa kaka yake, naye humwitikia huku akimfuta kamasi. Rafiki yetu alilichukua neno lake kutoka Kijaluo akaliweka katika Kiswahili vilevile lilivyo. Hakujua kwamba Kiswahili kina neno lake, shemeji. Halikuwa limemfikia. Darasani kwetu waliolijua hawazidi wawili watatu, na kati yao mimi ndiye niliyelijua tangu utotoni, maana kwenye landi za Nakuru kila mwanamke wa jirani alikuwa shemeji.

Ningemnong'oneza tu. Badala yake nilishika mbavu. Nilikula samaki wa yule mama, nikalamba vidole, na kichwani nilikuwa tayari nauandika ukurasa.

Nakumbuka maneno yote, kwa bahati mbaya. Niliandika: "Wengine wetu hutembelewa na mama zao. Mwenzetu wa Nyatike hutembelewa na bibi yake. Tena si bibi wa mtu mmoja, ni bibi wa ushirika, kama trekta la chama cha wakulima: leo liko kwa kaka, kesho liko kwa mdogo mtu." Ilikuwa miaka ya vyama vya ushirika, kila kitu kilikuwa cha ushirika. Shule nzima ilicheka. Mwenyewe alicheka kuliko wote, kwa sababu aliona jina la kwao limebandikwa ukutani na hakuelewa sentensi ya pili. Aliniuliza ushirika ni nini hapo. Nikamwambia ni umoja. Akasema ni kweli, wana umoja sana.

Ijumaa hedimasta alisoma ukurasa akienda kula. Jumamosi asubuhi niliitwa ofisini.

"Hii maneno wewe naandika. Iko kweli?"

Ukurasa ulikuwa mezani, umechomolewa na pini zake. Nilitazama nikaona jinsi ulivyosomeka kwa mtu asiyejua Kijaluo. Nilielewa palepale. Sitaki kudanganya katika uzee wangu kwamba sikuelewa. Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza: hapana, bwana, ni shemeji yake, mimi nilifanya mzaha. Lakini hilo lilikuwa na maana kwamba nimeandika uongo, na mwandishi wa uongo anatoka gazeti na anatoka shule pia. Nilimwona baba, aliyerudi kutoka reli na mgongo uliopinda, akiniuliza kwa nini nimekuja na sanduku. La pili lilikuwa kweli tupu.

"Yeye mwenyewe alisema hivyo, bwana."

"Alisema bibi?"

"Alisema bibi, bwana."

Kwa kweli hiyo nilimuua. Rafiki yetu akaitwa, nami nikaambiwa nibaki. Aliingia akinitabasamia, akafikiri nimeitwa kumsaidia lugha.

"Wewe, una bibi?"

"Hapana, bwana."

"Ile mwanamke ya Jumapili ni nani?"

"Ni bibi yetu, bwana."

"Yenu? Wewe na nani?"

"Mimi na ndugu yangu, bwana."

Hedimasta aliweka kalamu chini. "Yeye nakaa nyumba gani?"

"Nyumba yetu, bwana."

"Iko watoto?"

"Iko wawili, bwana. Wasuri sana."

"Watoto ya nani?"

"Ya kwetu, bwana."

Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilimzamisha zaidi, kama ng'ombe anayejitoa matopeni. Nusu ya mimi, Mungu anisamehe, bado ilitaka kucheka. Rafiki yetu alinitazama mara mbili, ile ya pili kwa kuomba. Ukutani palikuwa na ramani ya dunia. Nilisoma majina ya miji ya Amerika ya Kusini.

Hedimasta hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera, maana mtu mbaya ningemtwika mzigo wote. Alitaka haki. Alituita darasa zima barazani, akauliza nani anamjua yule mwanamke, na ni mke wa nani. Ni sisi thelathini na ushei, karibu wote Wajaluo, karibu wote tumekula samaki wake au tumemwona, na hapakuwa na mtoto hata mmoja asiyejua maana ya chiwa. Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno. Sisi wazee tulikuwa nao, wenye ndevu, na neno liliharibika mbele yetu mchana kweupe.

Kiranja aliulizwa kwanza. Alitazama saa yake, ile maiti, akasema kwamba yeye habari hiyo ameisoma gazetini kama kila mtu. Msabato aliulizwa. Akasema, kwa unyenyekevu, kwamba leo ni Sabato na kutoa ushahidi ni kazi, lakini kesho anaweza. Hedimasta alisema kesho ofisi imefungwa. Wengine walitazama vidole vya miguu yao. Mwalimu pekee Mjaluo alikuwa amekwenda chuoni muhula ule. Mpishi alikuwa dirishani anasikia kila kitu, na alijua, lakini nani humuuliza mpishi?

Aliyesema ni Mkuria. Alisimama bila kuitwa.

"Ni bibi ya kaka yake, bwana. Yeye amemrea kama mama. Nirikura samaki yake, nirimwona."

Nilipumua. Nilifikiri tumeokoka, mimi na yeye, bila mimi kufungua mdomo. Hedimasta akamgeukia mshitakiwa. "Kweli? Ile bibi ni ya kaka?"

"Ndiyo, bwana."

"Si yako?"

Hapo akasita. Angejibu hapana akaenda zake kusoma hesabu. Lakini mtu anayejua Kijaluo anajua swali lile lilikuwa linamwambia afanye nini. Lilikuwa linamwambia amkane mwanamke aliyemlea, mbele ya watu waliokula chakula chake, aseme huyu si wetu. Hakuweza.

"Ni yangu pia, bwana," akasema polepole.

Basi. Hedimasta alimwambia Mkuria akae chini, kwamba yeye ni Mkuria na hajui desturi za Wajaluo. Yeye hedimasta alikuwa amezisoma katika kitabu. Alikuwa amesoma kwamba mke wa kaka hurithiwa na mdogo mtu, na kitabu kilimfikisha hapo kikamwacha, hakikumwambia kwamba kaka lazima afe kwanza. Mtu alipopendekeza kwa sauti ya chini kaka mwenyewe aitwe kutoka Macalder, alijibu kwamba kaka ndiye mshirika wa jambo. Alimpa mshitakiwa mpaka Jumatatu asubuhi ajieleze kwa maandishi.

Tulipotawanyika, Mkuria alinifuata mpaka kwenye mabomba. "Wewe ndiyo uriandika," akasema. "Wewe unajua Kiswahiri. Kwa nini hukusema?"

"Sikuulizwa," nikamjibu.

Akachukua ndoo yake, akaenda bomba la mbali. Hakunisemesha tena mpaka tulipomaliza shule. Nilikuwa nimemcheka ukurasa mzima, akanisamehe papo hapo. Hili hakulisamehe, na hakukosea.

Jumapili baada ya ibada, rafiki yetu alinijia bwenini na karatasi mbili za fulskepu alizoomba kwa watu.

"Omera," akaniita, yaani ndugu yangu, "niandikie. Andika na Kiswahili ile ngumu. Msee anaipenda. Nitanakili na mkono yangu."

Nilikaa kitandani na ubao wa kuandikia magotini. Mimi sijawahi kuandika barua kama ile, kabla wala baada. Nilianza na salamu za kina, nikaingia kwenye heshima na taadhima. Niliandika kwamba yeye ni yatima, mnyenyekevu, mwenye kiu ya elimu. Niliandika juu ya uhuru na nchi changa inayohitaji wapima ardhi. Nilitia methali tatu. Kisha nikafika mahali pale, mahali ambapo barua yoyote ya mtu mwenye akili ingesema: huyu mama ni shemeji yangu, kwa Kijaluo neno ni hili, aliyeandika gazetini alijua na alifanya mzaha. Mstari mmoja tu. Kalamu yangu ilisimama. Hedimasta akiusoma mstari ule atauliza, kumbe mwandishi alijua? Ataniita. Atakumbuka nilivyosimama mbele ya ramani yake.

Niliuruka. Niliandika, "Kuhusu jambo lile linalofahamika, naomba busara yako ya mzazi ilitazame kwa jicho la huruma." Sentensi inavutia, na haina kitu ndani.

Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, midomo ikicheza. Mengi hakuyaelewa. Aliporudi kwenye ile sentensi aliniuliza, "Hapa ndiyo umeelesa maneno ya bibi yetu?"

"Hapo ndipo," nikasema.

"Msee ataelewa?"

"Ataelewa."

Akanishukuru. Akakaa kwenye kitanda cha pili akainakili kwa mwandiko wake mkubwa mpaka kengele ya chakula ikalia, ulimi umetoka kidogo kama wa mtoto.

Jumatatu hedimasta aliingia darasani kwetu na barua mkononi. Aliisoma kwa sauti, yote. Alisema hiyo ndiyo Kiswahili, na kwamba sisi wengine tujifunze. Kisha akaikunja. "Lakini hii barua hapana jibu swali yangu."

Rafiki yetu aligeuka akanitazama. Sikuona hasira usoni mwake. Ilikuwa ile sura aliyokuwa nayo akikosa hesabu, jambo lililomtokea mara chache: anarudi nyuma mstari kwa mstari kutafuta alipopotea. Aliitafuta hesabu yake usoni mwangu, na nadhani aliipata, kwa sababu alisimama.

"Kosa ni yangu, bwana," akasema. "Mimi ndiyo nilisahau kuandika."

"Ulisahau kuandika nini?"

Alifungua mdomo. Alitafuta, tukamwona akitafuta, ndani ya Kiswahili chote alichokuwa nacho.

"Kwamba ni bibi yetu, bwana."

Hakuna aliyecheka. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, silabi tatu, hata "sh" yake nilikuwa nayo peke yangu darasa zima. Nilikaa nalo. Hedimasta alimwambia akafunge sanduku.

Aliondoka kabla ya mchana. Nilisikia baadaye kwamba alikwenda Macalder akachimba na kaka yake, na kwamba alikuwa hodari wa kukisia urefu wa shimo kwa macho. Hakuwa mpima ardhi. Mimi nilibaki, nikaendelea na ukurasa, nikapita mtihani, nikapata kazi ya kukaa kitini. Wenzangu tukikutana siku hizi wananiomba niwasimulie juu ya saa ya kiranja na magamba ya Msabato, na wanacheka mpaka machozi. Wa Nyatike hawamtaji, nami simtaji, na kila mmoja wetu anajua kwa nini mwenzake ananyamaza.

Mwisho wa muhula ule nilipewa zawadi ya Kiswahili, mbele ya wazazi wote. Niliipokea kwa mikono miwili.